Datsun 240Z: ubaki na injini ya L, au ufunge RB, JZ ama V8?

Jamaa yangu mmoja amerithi Datsun 240Z ya mjomba wake. Gari limelala chini ya mwembe miaka mingi, kuku wamegeuza buti kiota, na injini imekwama, haizunguki hata kwa spana ndefu. Tangu alivute nyumbani kila apitaye ana dawa yake. Fundi wa mtaani anasema funga 2JZ ya Toyota umalize. Kijana wa drifti anaapa kwa RB25 ya Nissan. Binamu yake aliyeko Muscat anamtumia picha za V8 usiku wa manane. Mimi nimeshaunguza fedha kwenye kazi ya namna hii (haikuwa Z, ilikuwa Mark II ya zamani), kwa hiyo aliponiuliza nilimwomba siku mbili, nikaandika haya.

Msimamo wangu nautanguliza ili usisome ukiutafuta. Kama bodi ni nzima na namba ya injini bado ni ile iliyogongwa kwenye kibati cha gari, jenga L28, ndugu mkubwa wa injini ya asili, na uihifadhi hiyo ya asili, L24. Kama injini ya asili ilishapotea na unataka gari la kuendesha kila wiki, funga 2JZ-GE isiyo na turbo. RB25DET ni ya mwenye fedha ya pili baada ya ile ya kwanza kwisha. V8 ni ya aliye na mtu wake Ghuba.

Gari lenyewe

240Z ilizinduliwa mwishoni mwa 1969, kwao Japani ikiitwa Fairlady Z. Injini yake, L24, ina silinda sita za mstari mmoja, kemshafti moja juu ya hedi, na kabureta mbili za Hitachi. Gari zima lina uzito wa tani moja na kidogo tu. Huko ndiko utamu wake uliko: pua ndefu, mgongo mfupi, dereva amekaa karibu juu ya tairi za nyuma.

Kwetu jina lake halikujengwa na magazeti ya Ulaya. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa na 240Z, na Shekhar Mehta na Mike Doughty wakaja wa pili na nyingine kama hiyo. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 1800 SSS. Ushindi ukaamuliwa kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Wazee wanaolikumbuka lile gari jekundu lenye boneti nyeusi wapo bado, na watakusimamisha kwenye kituo cha mafuta wakuulize maswali. Ukifungua boneti wakaona nembo ya Toyota, ujiandae kwa hotuba.

Lakini nisiwe mkali kupita kiasi. Nissan wenyewe walianza kubadilisha injini za gari hili. Kulikuwa na Z432 iliyofungwa injini ya S20 kutoka Skyline GT-R, kemshafti mbili na vali 24, na hazikufika hata 500. Kisha ikaja 260Z, kisha 280Z yenye sindano za mafuta badala ya kabureta. Chumba cha injini ni kirefu, kilipimwa kwa silinda sita zilizopangwa mstari, na ndiyo maana RB na JZ hukaa humo bila kukata ukuta.

Namba kwanza, kisha yaliyofichwa nyuma ya namba

| Injini | Ujazo (cc) | Nguvu ya kiwandani (farasi) | Taimingi | Bloku |
|---|---|---|---|---|
| L24 | 2,393 | 151, kipimo cha zamani | cheni | chuma |
| L28 | 2,753 | kama 150, kipimo kipya | cheni | chuma |
| RB25DET ya Skyline R33 | 2,498 | 250 | mkanda | chuma |
| 2JZ-GE | 2,997 | kama 220 | mkanda | chuma |
| LS1 (V8 ya Chevrolet) | 5,665 | kama 350 | cheni | alumini |

Usishangae L24 na L28 kuonekana sawa. Kipimo cha zamani cha Wamarekani kilichukuliwa injini ikiwa juu ya meza, bila ekzosi kamili wala feni. Barabarani L28 ni injini nyingine kabisa, hasa unapotoka chini kwenye gia ya tatu.

Jedwali kama hili ndilo lililoniponza mimi. Nilinunua injini kwa namba zake, nikaja kugundua kwamba injini ndiyo ilikuwa sehemu ya bei nafuu. Kilichonimaliza ni giaboksi, nyaya, kontroboksi (kompyuta ya injini), shafti ya kuchongwa upya, radieta, pampu ya mafuta, na miezi mitatu ya gari kukaa juu ya mawe. Kwa hiyo hapa chini nazilinganisha injini pamoja na mizigo yake.

L28: ndugu wa damu

L28 inaingia kwenye maunti (vishikio vya injini) zile zile, inashika giaboksi ile ile, na inakubali kabureta, sampu (bakuli la oili) na ekzosi za L24 yako. Hukati, huchomelei, hubadilishi waya hata mmoja. Fundi mwenye spana na subira anaimaliza wikendi moja, ukiacha kazi ya kuijenga yenyewe.

Kuipata si lazima uagize 280Z nzima. L28 ya petroli ilifungwa pia kwenye Nissan Patrol za mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kwenye saluni kubwa za Datsun kama 280C. Patrol nyingi za namna hiyo zilishabadilishwa kuwa dizeli zamani, na injini ya petroli ikatupwa stoo. Ulizia kwa mafundi wazee, wale wenye gereji isiyo na bango. Ukiipata ya Patrol utahamishia sampu, bomba la kufyonza oili na maunti kutoka L24 yako, basi.

Hapa kuna mtego mmoja. Watu hupenda kuchukua hedi ya L24 yenye alama E31 na kuiweka juu ya L28, kwa sababu chumba chake cha kuunguzia ni kidogo na mgandamizo hupanda. Ikiwa L28 hiyo ina pistoni bapa, mgandamizo unapanda hadi injini inaanza kugonga kwa petroli ya kawaida. Ukisikia mlio kama njugu zikitikiswa kwenye kopo unapopanda mlima, ondoa mguu, maana pistoni ndizo zinazolia.

Wanaotaka zaidi huchukua kranki ya LD28, ile dizeli ya Nissan, wakapanua silinda hadi milimita 89, wakapata lita 3.1. Ni kazi nzuri, na inahitaji karakana ya kuchonga yenye vipimo vya kweli. Ukiambiwa na fundi kwamba anaweza "kukadiria", nyanyuka uondoke.

Udhaifu wa njia hii ni kabureta na miinuko yetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kila mita mia. Yaani farasi mmoja katika kila sita amebaki Mombasa. Kabureta iliyopangwa pwani ikifika Limuru inamimina mafuta mengi kuliko hewa, plagi zinakuwa nyeusi, gari linakohoa. Ukiipanga Nairobi ukashuka nayo Mombasa, mafuta yanapungua kuliko hewa na injini inachemka. Mtu wa Dar asiyetoka Dar hana shida hii hata kidogo. Mtu wa Nakuru anayependa kwenda Malindi Krismasi aipime sana kabla ya kukataa sindano za mafuta.

Kitu kingine: mashindano ya magari ya zamani, kama East African Safari Classic Rally iliyoanza 2003, yanadai gari liwe kama lilivyokuwa enzi zake. L iliyojengwa vizuri inakuacha mlango wazi. Nyingine zote hapa chini zinaufunga.

RB25DET: mjukuu halali

Ukitaka kubaki kwenye ukoo wa Nissan, RB ndiyo iliyoirithi L. Silinda sita za mstari, kemshafti mbili, vali 24, na turbo inayoitoa jasho milima ya juu, kwa sababu inajazia hewa iliyopungua. Sauti yake ndani ya Z inasisimua kuliko zote hapa, na hili sibishani na mtu.

Mzigo wake: huku kwetu Nissan Skyline R33 na Stagea hazikuja kwa wingi kama Mark II na Crown. Injini inayofika imeagizwa Japani, mara nyingi kama nusu gari ya mbele, na bei yake hupandishwa na vijana wa drifti duniani kote wanaoitaka hiyo hiyo. Faida ya nusu gari ni kwamba giaboksi ya gia tano, nyaya, kontroboksi na kipima hewa vinakuja pamoja. Injini peke yake, bila nyaya, usiinunue hata kwa nusu bei. Utakuja kuokoteza kihisio kimoja kimoja hadi mwaka uishe.

Iliundwa kunywa petroli ya oktani ya juu ya Japani. Ukiijaza petroli ya hapa na kuongeza presha ya turbo kwa kuwa rafiki yako alifanya hivyo, utanunua pistoni. Presha iachwe ya kiwandani na muda wa kuwasha upangwe na mtu mwenye kompyuta na kifaa cha kusoma mchanganyiko wa hewa na mafuta, asiyepanga kwa sikio.

Halafu kuna turbo yenyewe kukaa upande wa kulia. Kwenye gari la usukani wa kulia, upande huo ndiko inakopita fimbo ya usukani na ndiko iliko pampu kuu ya breki. Picha nyingi za RB ndani ya Z zinazozunguka mtandaoni ni za magari ya Marekani, usukani kushoto, na pale nafasi ni tele. Kwako wewe kuna joto kali karibu na mafuta ya breki. Ngao ya joto na ekzosi iliyokunjwa maalumu si mapambo. L haina neno hili, maana kabureta na ekzosi zake zote ziko kushoto.

2JZ-GE: jirani anayepatikana saa yoyote

Waulize mafundi wa Kirinyaga Road, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, injini gani ya silinda sita wanaweza kuifungua gizani. Watakwambia JZ. Mark II, Chaser, Crown, Progrès, Aristo: zote zilibeba 1JZ au 2JZ, na kwa hiyo gasketi, pampu za maji, vihisio na mikanda vimejaa madukani hadi miji midogo. Ukikwama Voi au Morogoro na Z yenye JZ, utapata mtu na utapata kipuri.

Hiyo ndiyo hoja nzima ya JZ, na kwangu ni hoja nzito kuliko farasi. Ile isiyo na turbo inatoa kama 220, ambayo ndani ya gari la tani moja ni kasi ya kutosha kukufanya uheshimu breki. Nguvu zake zinakuja taratibu, injini haichokozi, na joto la ekzosi ni dogo kuliko la turbo, ingawa nayo hutoa moshi upande wa kulia. Turbo, ile 1JZ-GTE au 2JZ-GTE, nimeiacha nje makusudi. Ukiitaka hiyo rudi ukasome niliyosema juu ya RB na uyazidishe.

Sasa giaboksi. Karibu kila JZ inayoshushwa bandarini ilikuwa na gia otomatiki. Muuzaji atakuonyesha injini safi, bei ya kucheka, na wewe utafurahi hadi utakapoanza kutafuta giaboksi ya mkono. W58 inatosha kwa injini isiyo na turbo. R154 ni ngumu zaidi na bei yake inajua hivyo. Hiyo giaboksi inunue kabla ya injini. Nasema kabla. Nilifanya kinyume, na Mark II yangu ilikaa gereji msimu mzima wa mvua huku injini ikinitazama. Kontroboksi ya otomatiki nayo hulalamika ikikosa giaboksi yake, kwa hiyo tafuta ya gari la gia za mkono au weka kompyuta inayopangika.

Chagua pia kizazi. Zile za mwanzo, zisizo na VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa vali), zina distributa na waya wa mafuta wa kawaida, na nyaya zake fundi mzuri wa umeme anazimaliza kwa siku chache. Zenye VVT-i zina adabu zaidi kwenye mafuta na nguvu ya chini, lakini baadhi zina mlango wa hewa wa umeme, na mkanda wa taimingi ukikatika vali hukutana na pistoni. Injini ya dukani badilisha mkanda na pampu ya maji kabla haijaingia kwenye gari, ukiwa bado umeiinamia mezani. Sampu za JZ haziko sawa. Shimo la oili liko mbele au nyuma kutegemea gari ilikotoka. Pima dhidi ya boriti ya mbele ya Z kabla hujalipa, kwa futi, si kwa macho.

V8 ya Kimarekani, na zile nyingine

LS1 ina sifa moja ambayo wengi huku hawaijui: ni ndogo kuliko inavyosikika. Kemshafti imo ndani ya bloku, hivyo hedi ni fupi, na bloku ni ya alumini. Ndiyo maana Marekani wameifunga ndani ya Z nyingi sana bila pua kulemea. Kwa anayeishi Muscat au Dubai ni chaguo la kawaida, kwani Chevrolet Lumina SS na magari mengine ya V8 ya kampuni hiyo yaliuzwa huko, na spea zipo. Kwa aliyeko Arusha, kila plagi na kila kihisio ni simu kwa binamu. Tena nguvu yake ya kuzungusha (torque) ni zaidi ya mara mbili ya L24, kwa hiyo difu, shafti za nyuma na bodi lenyewe vinabadilika kabla hujawasha.

VQ35DE ya 350Z ingeleta mantiki ya ukoo, Z ndani ya Z, ila V6 hiyo imefungamana na kompyuta ya funguo, na bila gari zima la kutolea vitu utachoka. Na kwa wanaouliza injini ya Mark X kwa sababu ipo kila mtaa: 4GR inapiga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, ina umeme mwingi, na kwenye Mark X ilikuja na otomatiki tu. Iache kwenye Mark X.

Yasiyoepukika ukishatoka kwenye L

Tangi la 240Z lilipangwa kulisha kabureta kwa presha ndogo. Sindano za mafuta zinataka kama mara kumi ya hiyo, na bomba la kurudisha, na tangi dogo la kati ili pampu isimeze hewa kwenye kona. Mabomba ya zamani ya raba yatoe yote. Gari la miaka hamsini likivuja petroli ya presha juu ya ekzosi halikupi nafasi ya pili.

Difu ya R180 iliyomo inavumilia 2JZ isiyo na turbo ukiwa na mguu wa kiungwana. Kwa RB yenye turbo tafuta R200, difu iliyo kubwa zaidi. Breki za nyuma za 240Z ni za ngoma, na za mbele ni diski za gari la 1970; fedha ya breki itengwe kabla ya ile ya rimu.

Kutu ndiyo inayoweza kufuta mjadala huu wote. Ng'oa zulia, gonga sakafu kwa bisibisi, tazama chini ya kitako cha betri na boriti mbili za mbele zinazobeba injini. Zile ni bati tu lililokunjwa. Boriti zikiwa zimeliwa, injini yoyote yenye nguvu itazipinda, na kazi yako ya kwanza ni ya fundi bodi.

Na karatasi: logbuku ya Kenya au kadi ya gari ya Tanzania imeandikwa namba ya injini. Dai risiti na hati za kuingiza injini kutoka kwa muuzaji, upeleke gari likakaguliwe na namba ibadilishwe. Injini bila hati inaweza kuwa imetoka kwenye gari la mtu aliyelala usingizi Kilimani. L24 yako, hata iliyokwama, ipake oili, ifunge kwenye turubai, iweke stoo. Siku utakapouza, atakayenunua ataiulizia kabla ya kuuliza bei.

Jamaa yangu nimempa yote haya. Juzi kanipigia akiwa Nakuru kwa mzee mmoja mwenye Patrol iliyokatwa nusu, nyasi zimeota kwenye kiti. Anasema bloku imegongwa L28, kranki inazunguka kwa mkono, na mzee anataka kubadilishana na mbuzi wawili. Nimemwambia apige picha ya alama iliyo kwenye hedi, kisha asubiri nifike.